Msinunue hamu ya kuandika

Wadogo zangu, mwaka huu tena nimeona jalada la riwaya kabla ya riwaya. Limetumwa usiku kwenye kundi letu la WhatsApp, jina la mwandishi kwa herufi za dhahabu, na chini yake pongezi zimemiminika: hongera sana, tunangoja nakala. Nikamuuliza mwenyewe faraghani sura ya kwanza imefika wapi. Haijaanza. Nimeketi na waandishi chipukizi wa Nairobi Jumamosi nyingi mno, na kosa hili linarudi na kila kundi jipya. Nawapenda, kwa hiyo nitasema bila kuzunguka. Mnakuja mkiujua msuko, mnaijua nafsi ya usimulizi, mnaweza kumchambua mhusika mpaka jioni. Namna hamu yenu wenyewe inavyofanya kazi ndiyo hamjaichunguza, na wengi niliowaona wakiacha kuandika walikuwa na kipaji cha kutosha kabisa.

1. Usitangaze ambacho hujakiandika. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer na wenzake walichapisha majaribio kuhusu watu wenye nia ya kuwa kitu fulani maishani. Wale ambao nia yao ilitambuliwa na mtu mwingine waliifanyia kazi kidogo kuliko wale ambao nia yao haikutambuliwa. Ukishaitwa mwandishi, moyo unaridhika kana kwamba umeshaandika. Tuonyeshe kurasa. Mpango ubaki nao.

2. Hamu inakukuta umeshakaa. Robert Boice, Mmarekani, aliwafuatilia walimu wa vyuo vikuu, na matokeo yake yalitoka mwaka 1983: waliobanwa waandike kwa ratiba, wapende wasipende, waliandika kurasa nyingi zaidi, na mawazo mapya pia yaliwajia mara nyingi zaidi kuliko wale waliongoja wajisikie. Mwenzetu mmoja anauza mitumba Gikomba. Bale hufunguliwa alfajiri, wateja wa kamera, wale wanaowahi nguo bora, wakishachagua na kuondoka, soko linapoa kidogo, naye anatoa daftari chini ya meza. Onyesho moja, basi. Mteja akija, anafunga. Sijamsikia hata siku moja akizungumzia hali ya moyo wake, na mswada wake ndio mrefu kuliko yote kundini.

3. Hamu hainunuliki. Hapa nitakaa, maana jambo hili tulilitenda wenyewe, na pendekezo lilikuwa langu.

Kundi lilikuwa limelegea. Watu walifika Jumamosi mikono mitupu, kila mmoja na lake: mitihani, msongamano wa Jogoo Road, mtoto kuugua. Nikasema kila mtu achange shilingi mia kwa wiki, na mwisho wa mwezi mwenye kurasa nyingi kuliko wote achukue kitita chote. Wote wakaafiki.

Mwanzoni nilidhani nimepata dawa. Kurasa zilifurika. Lakini ukizisoma, wahusika walisalimiana nusu ukurasa, jua lilichwa mara tatu katika sura moja, na mazungumzo yalikatwakatwa mstari mmojammoja ili daftari lijae. Hakuna aliyesema neno. Tulifika, tukahesabu, tukaandika majina ubaoni. Zilipita Jumamosi nzima bila mtu kuuliza hadithi ya mwenzake inaelekea wapi.

Kulikuwa na msichana kutoka Kayole, mdogo kuliko sote. Kabla ya kitita alikuwa akiandika polepole sana kuhusu nyanya yake aliyeuza mboga Marikiti. Angeleta aya moja. Wiki ifuatayo angeleta aya ileile, neno moja limebadilishwa, naye amechangamka kwa sababu neno hilo alilitafuta siku zote hizo na amelipata. Na kweli lilikuwa neno lenyewe. Tulikuwa tukimwomba asome mara ya pili. Kitita kilipoanza, jina lake likawa la mwisho ubaoni, mwezi baada ya mwezi. Akajaribu kukimbia kama wengine. Nyanya akatoweka kwenye hadithi, wakaingia majambazi na gari jeusi, kwa sababu majambazi wanajaza kurasa upesi. Kisha akaanza kusema yeye si mwandishi wa kweli. Kisha hakuja.

Kitita chenyewe kilivunjika kwa ugomvi wa ukubwa wa herufi. Pesa zilipoondoka, hata waliokuwa wakishinda hawakuleta kitu. Nilimpigia simu yule msichana. Hakunilaumu. Aliniambia kwamba siku hizi akishika kalamu anajikuta anahesabu. Hajarudi mpaka leo, na ni kwa ajili yake ninawaandikia kirefu hivi.

Baadaye ndipo nilipokutana na utafiti wa Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett wa mwaka 1973. Walichukua watoto wa chekechea huko Stanford, California, waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti wakichora, baadhi walipewa cheti bila kutarajia, wengine hawakupewa chochote. Watoto walipoachwa baadaye wacheze watakavyo, walioahidiwa walizigusa kalamu kwa muda mfupi kuliko wenzao. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupoteza hamu. Cheti kilikuwa kilekile! Kilichoharibu ni kuchora ili upate cheti.

Edward Deci na Richard Ryan, waliolichimba suala hili kwa miongo, wanasema hamu ya ndani hulishwa na mambo matatu: kujiamulia, kujiona unaweza, na kuwa na watu mnaojaliana. Kitita chetu kilimwamulia mwandishi kwamba zuri ni refu. Kilimwonyesha mwenye mwendo wa polepole kwamba hawezi. Na wenzake kikawafanya wapinzani. Mtaniuliza kama ratiba ya Boice nayo si kubanwa. Ni kubanwa, ila ratiba inakukalisha kitini tu. Haikutumi umshinde aliye kando yako.

Sasa kila mmoja anasoma ukurasa mmoja kwa sauti, na wasikilizaji wanasema ni wapi walitaka kujua zaidi. Kwa hiyo mgeni akipendekeza mashindano ya idadi ya maneno na nikakataa kabla hajamaliza sentensi, asione ni ukali wa bure.

4. Funga uandishi kwenye jambo unalolifanya tayari: nikishateremka kwenye matatu na kunawa, naandika kabla ya kufungua simu.

5. Ukikosa siku moja, umekosa siku moja. Kuna wanaoacha mwezi mzima kwa sababu stima ilipotea Jumanne. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu waliokuwa wakijenga mazoea mapya, na mwaka 2010 wakaripoti kwamba ilichukua kati ya siku 18 na 254, nusu yao wakifika ndani ya siku 66, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Kwa hiyo usijilinganishe na aliyezoea upesi, wala usijiadhibu Jumatano kwa kuandika mara mbili.

6. Tuzo. Najua mnaitazama Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na sina neno baya juu yake. Kiswahili kinazihitaji tuzo. Ila angalieni jaribio la Teresa Amabile la mwaka 1985. Aliwaita waandishi 72 wa eneo la Boston, kila mmoja akaandika shairi fupi, kisha jingine. Kabla ya la pili, baadhi walipewa orodha ya sababu za nje za kuandika, kama pesa na sifa, wazipange kwa umuhimu. Dakika chache tu, na waamuzi wakayaona mashairi yao yamepungua ubunifu. Wewe unabandika tangazo la tuzo ukutani juu ya meza na kulitazama kwa miezi.

Maliza mswada kwanza, ndipo usome masharti. Usome yote, tafadhali: tuzo nyingine zinataka mswada usio na jina, na kuna mwenzenu aliyeandika lake chini ya kila ukurasa. Kabla hujatuma, uje nao Jumamosi tuupitie.