Wasomaji Wanauliza: Chai Iliyotupwa Baharini Ilikuwa Ghali?

SWALI: Ndugu Mhariri, dada yangu aishiye ng'ambo amemletea mwanangu wa darasa la nne vitabu vya picha kuhusu walowezi wa Marekani waliopinga kodi za Uingereza. Kimoja kinaonyesha watu waliojipaka masizi usoni wakitupa chai baharini usiku, na kinasema kodi iliifanya chai kuwa ghali mno. Mtoto anauliza kwa nini hawakuacha tu kuinunua, na kwa nini walijificha nyuso. Nimjibu nini, na je, vitabu hivi vinamfaa? — Mzazi, Majengo, Moshi.

JIBU: Vinamfaa, ndugu yangu, lakini hapo penye bei kitabu kimempotosha, na bila kulirekebisha hilo kisa chote hakieleweki. Sheria ya Chai ya mwaka 1773 iliiruhusu Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya biashara ya Uingereza iliyokuwa na madeni na maghala yaliyojaa chai, kuipeleka Marekani moja kwa moja, na kwa hiyo bei ilishuka. Kilichobaki ni ushuru wa peni 3 kwa kila ratili, uliowekwa mwaka 1767 na Bunge la London, ambamo walowezi hao hawakuwa na mbunge hata mmoja. Walichokataa ni kutozwa na watu wasiowachagua, hata kama chai yenyewe ilikuwa nafuu.

Kususia hakukutosha, kwa sababu ushuru ulidaiwa chai iliposhushwa, kabla mnunuzi hajaiona. Gavana wa Massachusetts, Thomas Hutchinson, alikataa kuziruhusu meli ziondoke bandari ya Boston bila ushuru kulipwa, na muda wa kuulipa uliowekwa kisheria ulikuwa unaisha. Usiku wa Desemba 16 watu wakapanda meli tatu, Dartmouth, Eleanor na Beaver, wakapasua masanduku 342 kwa shoka na kumwaga chai yote majini. Nyuso walizificha ili wasitambuliwe wakashtakiwa. Walijifanya Wamohawk, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, na mwambie mtoto waziwazi kwamba Wamohawk wenyewe hawakuhusika.

Kuna jambo ambalo ningependa sana lichorwe. Dartmouth ilikuwa pia imebeba nakala za mashairi ya Phillis Wheatley, aliyetekwa Afrika Magharibi akiwa mtoto mdogo na kuuzwa utumwani Boston mwaka 1761. Mtoto wa Moshi anastahili kujua kwamba katika mji uliodai uhuru kwa sauti kubwa namna ile, walikuwamo watu waliomilikiwa na wenzao.

Kisha msimulie la jirani zetu wa Upare. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walimiminika Same kupinga kodi ya mbiru, iliyokadiriwa kwa kupima mali ya kila mtu, na mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao wakajitokeza. Hawakukataa kulipa kodi, bali walikataa namna ilivyokadiriwa. Ukimsimulia visa hivi viwili pamoja, ataliona mwenyewe swali la nani ana haki ya kumtoza nani.

Ukitafuta kitabu kingine, fungua kurasa za mwisho kabla ya kulipa. Vingi huishia kwenye shangwe za usiku ule, ilhali mwaka 1774 Uingereza iliifunga bandari ya Boston hadi chai ifidiwe, na wachukuzi na mabaharia, ambao wengi wao hawakugusa sanduku hata moja, wakakosa kazi. Chagua kinachowaonyesha na hao.