Re: Hivi AI mnaitumia kwa kazi gani za kila siku?
Mkuu umeuliza kama AI ni ya watu wa IT tu, wala, sisi wa madukani tunaitumia sana. ChatGPT, ile AI ya kuchati nayo, ilivyotoka Novemba 2022 nilijua ni mambo ya wanachuo, sasa hivi mteja wa Comoro akinitumia meseji ya Kifaransa nakopi, napesti humo, napata Kiswahili chake na jibu la kumrudishia, mzigo unatoka siku hiyohiyo. Ila tangazo la status naandika mwenyewe, yenyewe inakuletea "wapendwa wateja wetu wa thamani", jamani Kariakoo nani anaongea hivyo 😂 Na bei ya soko usiiulize kabisa, inakutungia tu tena kwa kujiamini. Kwani we unataka ikusaidie nini hasa?