Mapacha: Kondo Moja au Mawili?

Baba mmoja katuandikia juzi. Mkewe ana mimba ya mapacha ya wiki 19, daktari kasema "maji ya mmoja yamepungua", na ndugu wanawashauri wangoje kliniki ya mwezi ujao. Tumemjibu palepale: msingoje hata wiki. Ila swali la kumuuliza daktari lilipaswa kuja mapema zaidi. Watoto wanatumia kondo moja la nyuma, au kila mmoja ana lake?

Ultrasaundi ya wiki 11 hadi 14 hulionyesha hilo vizuri. Utando unaowatenga watoto ukigusa kondo kwa umbo la pembetatu nene, makondo ni mawili. Ukishuka mwembamba kama herufi T, ni moja. Baadaye alama hiyo hufifia, kwa hiyo msikubali ripoti iliyoandikwa "mapacha, wazima" basi.

Wenye makondo mawili hupimwa kila wiki 4. Wenye kondo moja ni kila wiki 2 kuanzia wiki ya 16, maana mishipa ya damu ya watoto huungana juu ya kondo. Katika kila mimba 100 za aina hii, kama 10 hadi 15 damu huegemea upande mmoja. Mtoto anayetoa damu hukaukiwa maji, kina cha maji yake sm 2 au chini. Anayepokea hufurika, sm 8 au zaidi, na moyo wake huelemewa. Tumbo likivimba ghafla ndani ya siku chache, tarehe ya kliniki haina maana tena.

Hapo wanandoa huanza kuvutana. Mmoja husema, "Tumwachie Mungu, wa kupona atapona." Lakini kwenye kondo moja huwezi kumwacha mmoja peke yake. Akifa, damu ya mwenzake humkimbilia ghafla, na aliyebaki anaweza kufa au kuumia ubongo. Kumzalisha mama haraka hakurudishi kilichokwisha kuharibika. Hata sindano ya dawa inayotumika kupunguza idadi ya watoto katika mimba ya watatu, kila mtoto akiwa na kondo lake, hapa haifai, kwa sababu dawa itavuka kwa mwenzake.

Tiba kubwa ni leza, kwa kawaida kati ya wiki 16 na 26, inayochoma mishipa iliyoungana. Njia nyingine ni kunyonya maji kwa sindano. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta angalau mtoto mmoja akiwa hai siku 28 baada ya kuzaliwa katika asilimia 76 ya waliopata leza, dhidi ya 56 ya walionyonywa maji. Leza nayo inaweza kupasua chupa na kuleta uchungu wa mapema. Vituo vyake ni vichache. India vipo, na safari hiyo haipangwi kwa wiki tatu za vikao vya ukoo.

Kaeni wawili kabla ya wiki ya 16. Kubalianeni fedha itatoka wapi na ni hospitali gani yenye wodi ya watoto njiti. Jadilini pia mtoto akija wiki ya 25 mtataka afanyiwe nini. Mama ndiye mwenye neno la mwisho, mwili ni wake. Mama mkwe aombe dua, asiombwe idhini.

Na kila picha ya ultrasaundi ipigeni kwa simu, tarehe ionekane. Daktari wa pili ataanzia hapo.