Dengu si Ndengu: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Nimehamia Likoni kutoka Nakuru. Jirani alinielekeza kupika viazi karai (viazi vya kuchemsha vinavyopakwa uji wa unga na kukaangwa), akasema nitumie unga wa dengu. Nikanunua ndengu kilo moja, nikazisagisha kwenye kinu cha posho. Uji ulikuwa na rangi ya kijani na ulibanduka wote kwenye mafuta. Tatizo ni nini?

JIBU: Dada, ndengu za Nakuru ndizo pojo za Mombasa, choroko za Dar es Salaam na chooko za Unguja. Jirani yako alikusudia dengu, ambazo ni kubwa zaidi na zikikobolewa huwa za manjano. Unga wake huuzwa tayari, laini, kwenye maduka ya viungo ya Marikiti, soko la hapa Mombasa. Kabla ya kulipa, angalia rangi: ukiona ukijani, si wenyewe.

Kinu cha posho nacho kilichangia. Pojo zikisagwa na maganda yake, unga hubaki na chenga, na uji wa chenga haushiki kiazi. Kwa kilo moja ya viazi vidogo, chukua gramu 250 za unga wa dengu, nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano, chumvi, thomu (kitunguu saumu) iliyopondwa na pilipili kiasi upendacho. Tia maji kidogo kidogo mpaka uji upake mgongo wa kijiko bila kuchuruzika. Mara nyingi kikombe kimoja hakiishi.

Viazi vichemshe viive lakini visipasuke, uvimenye, kisha uviache vipoe na kukauka kabisa. Wengi huharibu hapa: kiazi chenye majimaji huvua uji hata kama unga ni mzuri. Jaribu mafuta kwa tone la uji. Likizama na kukaa chini, ngoja. Likipanda papo hapo, anza. Usijaze karai, maana mafuta yakipoa uji hutawanyika kabla haujashika. Ukwaju wa kuchovea uwe mzito, tafadhali. Ule wa majimaji hulainisha ganda.

SWALI: Pishi la kachumbari kutoka Dar linataka "hoho tatu". Mama mkwe wangu, Mombasa mzaliwa, ananionya kwamba wageni watalia. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wote. Dar na Nairobi, hoho ni lile pilipili kubwa lisilowasha. Mama mkwe wako hulijua kama pilipili boga, na kwa Kiswahili cha zamani pilipili hoho ni ile kali. Tazama pishi linavyoitumia: ikikatwa pete na kuhesabiwa mbili tatu, ni boga. Ukiambiwa uitie nzima mchuzini na uangalie isipasuke, hiyo ni kali. Nunua boga, na umwambie mama kabla hajaonja.

SWALI: Sili nyama wala samaki. Nilipokuwa Morogoro niliomba ugali na mboga, nikaletewa dagaa. Walinidharau?

JIBU: Hapana, walikuelewa kwa Kiswahili chao. Tanzania bara, mboga ni chochote kinacholiwa na ugali: nyama, samaki, maharage, mchicha. Hapa Mombasa hicho tunakiita kitoweo, na ugali wenyewe ni sima. Ukiwa huko omba "mboga za majani", kisha uulize zimepikwa na nini, kwa kuwa kisamvu au mchicha huweza kutiwa dagaa au kamba wakavu.

SWALI: Kaimati na kalimati zina tofauti?

JIBU: Hakuna. Mombasa kaimati, Zanzibar kalimati, donge ni lilelile la unga wa ngano na hamira. Zikitoka bapa badala ya mviringo, uji wako ni mwepesi: ongeza unga kijiko kimoja kimoja, ukoroge, uache uumuke tena ndipo ukaange.