Kabla hujaomba nusu kaputi kwa ajili ya jino

Dada mmoja kaniandikia juzi: gego lake la mwisho limelala ndani ya fizi, linatakiwa kutolewa kwa upasuaji mdogo, naye anataka nusu kaputi "nisijue kinachoendelea". Dada yangu, nakuelewa sana.

Mimi la kwanza lilinitoa machozi. Shavu limevimba, usaha umejaa, daktari wa kliniki moja (siitaji) akanichoma ganzi na kuanza kazi papo hapo. Nikapiga kelele. "Mwanaume mzima unaogopa koleo?" Neno hilo sijalisamehe mpaka leo.

Haukuwa woga. Penye usaha pana asidi, na ganzi ikikuta asidi haipenyi vizuri kwenye mshipa wa fahamu. Haya nilielezwa na daktari wa pili. Alinitoa usaha kwanza, akanipa dawa, na uvimbe uliposhuka ndipo akachoma, kule nyuma kabisa ya taya la chini. Akasubiri. "Mdomo vipi? Na ulimi?" Nusu ya mdomo ikawa nzito. Moyo ulidunda kidogo: ni adrenalini iliyochanganywa na lignokeini, dawa yenyewe ya ganzi, ili ganzi ikae na damu isitoke sana. Akalikata jino vipande kwa mashine; nasikia mlio na kusukumwa, maumivu hakuna. Nilitoka kifua mbele kama bwana harusi!

Kwa gego moja, ganzi inawatosha wengi. Hofu ikikuzidi, uliza kama wana gesi ya kucheka, ile ya kuvuta puani ikupunguzie hofu, au dawa ya kutuliza inayochomwa kwenye mshipa wa damu, kama midazolamu. Kwa midazolamu, ukiitwa unaitika, ila mengi hutayakumbuka. Uende na mtu wa kukurudisha, na usiendeshe chombo chochote kwa saa 24. Nusu kaputi ina watu wake: watoto wadogo, taya lililovunjika, magego manne kwa mpigo. Inataka mtaalamu wa usingizi, tumbo lisilo na chakula kwa muda wa saa 6 ili matapishi yasiingie mapafuni, na pesa.

Jamani, semeni! Presha, pumu, mimba, mzio, dawa unazomeza, vyote vitaje kabla ya sindano. Ikiuma, inua mkono, uongezewe ganzi. Akina kaka hasa, mnajikaza kwa faida ya nani?

Nawe dada, mwombe daktari akuonyeshe kwenye eksirei jino lilivyolala, na umuulize: kwa ganzi tu, litachukua muda gani?