Klabu ya pikipiki Tabora: kabla hujalipa kiingilio, tazama wanakuweka wapi kwenye msafara

Kila kiangazi watu waliohamia Tabora kikazi, walimu, wauguzi, watu wa benki, huniuliza swali lilelile. Wamenunua pikipiki, wameona kundi la waendeshaji wakipita Jumapili asubuhi na jaketi za kufanana, wametamani. Je, wajiunge? Ninachowaambia ni hiki: jaketi isikubabaishe, wala ukubwa wa injini. Omba kwenda nao safari moja kama mgeni, na uangalie wanakupanga wapi.

Mwendo wa msafara unaamuliwa mbele, lakini taabu yake inaangukia nyuma. Kiongozi akienda 70, wa mwisho anajikuta anakimbiza 90 ili asiachwe, kwa sababu kila aliye mbele yake amechelewa kidogo kwenye tuta, kidogo tena kwenye kulipita lori. Sasa ukimweka pale nyuma mgeni asiyejua kona wala mashimo, umemtafutia ajali. Klabu inayojua inachofanya humpanga mgeni wa pili au wa tatu, mgongoni mwa kiongozi, na kiongozi anapima mwendo kwa kumwangalia yeye kwenye kioo. Nyuma kabisa anakaa mzoefu mwenye spana, tyubu ya akiba na pampu, na huyo hampiti mtu hata iweje.

Kabla ya kuondoka uliza: nikiachwa, tunakutana wapi? Ukiambiwa "tutasimama kila njiapanda mpaka wa mwisho aonekane", hao ni watu wa kwenda nao. Ukiambiwa "utatukuta mbele", washukuru kwa heshima urudi nyumbani ukanywe chai.

Fika mapema uone ukaguzi, kwa sababu hapo ndipo utakapowajua. Kiongozi mzuri hupita pikipiki moja moja. Anabonyeza cheni kwa kidole, upande wa chini, katikati ya sproketi mbili: ikicheza sentimita mbili au tatu anaendelea, ikining'inia anachuchumaa na kuikaza mwenyewe huku mwenye pikipiki akitazama ili ajue siku nyingine. Anakanyaga breki ya nyuma, mwenzake anaangalia kama taa inawaka. Anaingiza vidole viwili chini ya kamba ya helmeti yako. Asiyefunga kamba haondoki, awe mwenyekiti au nani. Nimeona watu wazima wenye vyeo vyao ofisini wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya kipara cha tairi, na hakuna aliyenuna.

Baada ya hapo mnaelezwa mpangilio. Kwenye lami iliyonyooka mnakwenda mmoja kulia, anayefuata kushoto, kama nyayo za mtu anayetembea, ili kila mmoja awe na nafasi ya kupiga breki. Kwenye kona, darajani na kwenye mchanga mnajipanga mstari mmoja. Asikudanganye mtu kwamba kwenda wawili wawili bega kwa bega ndiyo umoja. Shimo likitokea ghafla mtakwepea wapi?

Mchanga ndio mtihani wa kwetu. Lami ya Sikonge, kama kilomita 70, haimsumbui mgeni sana. Ukiingia njia za vumbi za pembeni ya mji ndipo mikono inakaza. Hapo legeza mabega, sogeza uzito nyuma, shika mafuta kwa kiasi kilekile bila kupandisha na kushusha, tazama mbali, na breki ya mbele iache kabisa. Klabu nzuri inakufundisha hayo kabla hamjafika, polepole, mkiwa mmesimama. Hata safari fupi ya Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya Stanley kuondoka, inatosha kukuonyesha wana subira kiasi gani na mtu anayejifunza.

Jambo moja la jaketi, maana nalo lina uzito wake. Ukivuka Sikonge kwenda Ipole na kuendelea na barabara ya Mpanda unaingia kwenye msitu wa miombo wenye mbung'o. Mbung'o hufuata kitu kinachotembea, na huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Klabu iliyochagua sare nyeusi kwa ajili ya picha haikuwafikiria watu wake. Rangi ya kaki au kijivu hafifu, na rifleksa juu yake, ndiyo inayofaa. Na jazeni matanki Sikonge.

Kuhusu fedha, usione haya kuuliza. Kiingilio kiasi gani, ada ya mwezi kiasi gani, mfuko wa dharura unakaa wapi? Michango ikiingia kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu vipi, subiri kwanza. Taka kuona katiba, na kama wanajiita chama waulize usajili wao chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Halafu uliza swali ambalo wengi hawaliulizi: aliyeanguka mara ya mwisho alipata nini, na baada ya siku ngapi? Mweka hazina anayejibu bila kutazama wenzake ana majibu ya kweli. Kumbuka pia kwamba bima ya lazima, ile ya mtu wa tatu, haitengenezi pikipiki yako wala mguu wako. Ndiyo maana mfuko huo ni wa maana kuliko nyama choma ya mwisho wa mwaka.

Leseni iwe ya daraja lako. A1 ni ya pikipiki yenye injini isiyozidi cc 125, na ukipanda Boxer ya 150 unahitaji A. Klabu isiyouliza leseni ya mgeni wake haitauliza mengine pia.

Dada zangu, nanyi waulizeni wanawake waliomo, wakiwapo, wanapangwa wapi na nani anawasikiliza kwenye kikao. Kama wanawake wote wamekaa nyuma ya madereva na hakuna anayeendesha, ulizeni kwa nini.

Anayebeba abiria kwa malipo, shauri lake ni la kijiwe: kibali cha LATRA (mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini), zamu, uongozi wa eneo. Klabu ya Jumapili haichukui nafasi hiyo.

Ukishaona yote hayo, angalia na nyumbani kwako. Safari ya Urambo kwenda na kurudi, ukichanganya na mapumziko, inakula mchana mzima, na kuna wenye watoto wadogo au mama mgonjwa ambao Jumapili yao haina nafasi hiyo. Mpigie mwenyekiti mwenyewe, mweleze, muombe uwe unaungana nao kwenye safari fupi za Bwawa la Igombe. Ukikubali kujiunga, anza Mei au Juni, barabara zikiwa zimekauka, upate miezi ya kutosha kuzoea msafara kabla mvua za Novemba hazijaanza.