Wawili wanatosha, tena bila ala
Umeuliza kama waimbaji wawili tu, bila hata gitaa, wanaweza kubeba igizo zima la kuchekesha kuhusu mashujaa wa kike wa riwaya za zamani. Wanaweza, na uchache wao ndio utamu wenyewe. Mmoja akiimba maneno, mwenzake ndiye farasi, mlango unaolia, mvua na mchumba asiyetakiwa. Chukua Jane Eyre, wa riwaya yenye jina lake, na Catherine wa riwaya ya Wuthering Heights: riwaya zote mbili zilichapishwa mwaka 1847, kazi za ndugu wa kike, Charlotte na Emily Brontë. Jane anajibana, anajibu kwa noti chache kavu. Catherine anavuma kama tufani. Tena Catherine hufa katikati ya hadithi, kwa hiyo nusu ya pili mwimbaji wake abaki upepo wa dirishani, akinung'unika kwamba kapunguziwa kazi (hapo mimi ningecheka mpaka basi). Hofu yangu ni moja: bila ala, sauti huteleza chini ya noti sahihi kidogo kidogo bila wenyewe kujua. Waifiche noti ya kuanzia ndani ya mchezo, labda kengele ya kuitia mtumishi, wajirekebishe hapohapo bila hadhira kushtukia.